Kalibu Hufuata Chemba

Kalibu ya kujazia risasi upya ni silinda ya chuma kigumu iliyochimbwa ndani kwa umbo la ganda la risasi, na nje ina thredi za kuifunga kwenye presi ya mkono. Kazi yake inatokana na tabia ya brasi, ile shaba ya manjano ya makufuli. Bunduki inapofyatuliwa, gesi ya baruti hulisukuma ganda pande zote hadi likaambatana na kuta za chemba, ile nafasi ndani ya bunduki linamokaa. Katika risasi ya .308 Winchester shinikizo hilo huruhusiwa kufika pauni 62,000 kwa kila inchi ya mraba. Likiisha, brasi hunywea kidogo, lakini hairudi ilikotoka. Ganda hutoka likiwa nene kuliko lilivyoingia, mdomo umelegea, na fataki, kiwashio cha baruti kilicho kitakoni, imekwisha kazi. Kalibu ya kwanza hulibana ganda na kuisukuma nje fataki kuukuu. Ya pili, baada ya fataki mpya na baruti kutiwa, hukipandikiza kichwa cha risasi shingoni. Kuchagua kalibu ni kuamua ganda libanwe wapi, kwa kiasi gani, na kichwa kishikwe kwa nguvu gani.

Siakago, makao ya Mbeere Kaskazini katika Kaunti ya Embu, si mahali ambapo mtu angetarajia mjadala huo. Hata hivyo umefika, kwa njia ya simu. Vijana wanaoleta pampu na pikipiki katika karakana ya mwandishi wa makala haya wameona video za Wamarekani wakijaza risasi mezani nyumbani, na swali lao ni moja: mzee, seti ipi ndiyo bora? Wanataja kampuni na bei. Hakuna anayetaja chemba. Swali hilo ndilo lililorudisha kumbukumbu za miaka aliyoishi katika jimbo la Wisconsin, na nyingine za zamani zaidi, za hapa hapa Mbeere.

Katika utoto wa mwandishi, uwindaji wa Mbeere ulikuwa wa upinde na mshale wenye sumu ya msunguti. Mhunzi aliyefua vigumba hakuwa na kipimo kimoja cha kila mteja. Mwindaji alikuja na mti wake wa mshale, na mhunzi akaufua mkia wa kigumba huku akiujaribu katika tundu la mti huo huo, akiongeza nyundo moja, akijaribu tena. Kigumba kilichoingia kwa ulegevu kilirudishwa motoni. Kilichoingia kwa nguvu mno kiliupasua mti, na mwenye mti aliondoka akinung'unika. Hapo palikuwa na kanuni yote ya ukandamizaji wa ganda: kipimo sahihi ni kile cha mahali kitu kinapokwenda kukaa.

Babu mmoja wa kijijini, aliyekuwa homugadi wakati wa Dharura ya 1952 hadi 1960, aliweka ugoro wake katika ganda la .303 lililozibwa kwa kipande cha mti. Watoto waliruhusiwa kulishika kama walikaa kimya. Juu kidogo ya kitako, ganda lilikuwa limevimba upande mmoja, na karibu na uvimbe huo kulikuwa na mstari mwembamba unaong'aa kuzunguka. Babu alisema bunduki ndiyo iliyolitafuna. Alikuwa karibu sana na ukweli. Risasi ya .303, iliyoanza kutumika katika jeshi la Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1880, ina ukingo kitakoni, na ukingo huo ndio unaoizuia isizame chembani. Bega lake, pale mwili unapoanza kuwa mwembamba kuelekea shingoni, halizuii chochote. Chemba za bunduki za Lee-Enfield zilichongwa kwa ulegevu makusudi ili risasi yenye matope au vumbi isikwame vitani. Ganda likifyatuliwa humo, bega husukumwa mbele na brasi huvutwa kutoka karibu na kitako. Mstari ule unaong'aa ni mahali ukuta ulipoanza kuwa mwembamba.

Maana ya mstari huo ilieleweka baadaye sana, katika chumba cha chini cha nyumba ya jirani mmoja huko Wisconsin. Mzee huyo alikuwa fundi wa mashine aliyestaafu. Kila vuli, kabla ya msimu wa paa, ule wa siku 9 unaoanza Jumamosi kabla ya sikukuu ya Thanksgiving, alishuka huko na kujaza risasi za familia nzima. Rafu yake ilikuwa na masanduku madogo ya kalibu, na juu ya kila sanduku palikuwa na karatasi. Karatasi haikuandikwa jina la risasi tu. Iliandikwa bunduki ya nani. Wanawe wawili walikuwa na bunduki za .308, lakini kila mmoja alikuwa na sanduku lake, kalibu yake na maganda yake, na mzee hakukubali yachanganywe.

Mwandishi alishangaa, kwa sababu kwa nje kalibu hizo zilifanana kabisa. Karibu kalibu zote za bunduki za kawaida hutumia thredi moja: kipenyo cha inchi 7/8, nyuzi 14 kwa inchi. Ndiyo maana kalibu ya Lee hufunga kwenye presi ya RCBS, na ya Redding kwenye ya Hornady. Ni risasi kubwa mno, kama .50 ya bunduki ya rashasha, zinazohitaji thredi nene zaidi na presi yake. Usawa huo wa nje ni neema kwa mnunuzi na pia ni mtego, kwa kuwa humfanya adhani uamuzi umekwisha akishasoma namba ya risasi kwenye sanduku.

Uamuzi wa kwanza wa kweli ni kati ya kalibu ya ganda zima na kalibu ya shingo. Ya ganda zima hulibana ganda kutoka kitakoni hadi mdomoni na hulirudisha bega nyuma. Ganda lililopita humo, kalibu ikiwa imefungwa sawasawa, huingia katika bunduki yoyote ya risasi hiyo. Kalibu ya shingo hubana shingo peke yake. Mwili wa ganda huachwa na umbo la chemba iliyolifyatua. Faida yake ni kwamba brasi haichoshwi kwa kubanwa na kupanuka mara kwa mara. Kwa .303 ya Lee-Enfield faida hiyo ni kubwa. Ganda likishachukua umbo la chemba legevu, huweza kuzuiwa na bega lake badala ya ukingo, na kuvutwa kule kwa brasi karibu na kitako hupungua. Kulirudisha bega nyuma kila mara kwa kalibu ya ganda zima ni kulivuta upya kila linapofyatuliwa, mpaka siku kitako kinabaki mkononi mwa mwenye bunduki na ganda lililosalia limekwama ndani. Mjazaji mwangalifu hupitisha waya mwembamba wenye ncha iliyokunjwa ndani ya ganda. Ncha ikinasa kwenye mfereji karibu na kitako, ganda hilo hupondwa.

Lakini kalibu ya shingo ina bunduki zake. Hufaa bunduki ya bolti, yenye nguvu ya mkono ya kufunga, na maganda yaliyofyatuliwa katika bunduki hiyo hiyo. Bunduki inayojipakia yenyewe haina huruma kama ya mkono: ganda lisipoingia kwa urahisi, bolti hufunga nusu. Hapo ganda zima lazima libanwe, na wakati mwingine huhitajika ile kalibu inayobana zaidi karibu na kitako, hasa kwa maganda yaliyotoka katika chemba pana. Bunduki ya wenzo, ile inayopakiwa kwa kushusha mkono wa chini ya kitasa, nayo haina nguvu nyingi ya kufunga, na yafaa itendewe vivyo hivyo.

Fundi mashine yule hakutumia kalibu ya shingo hata kwa .308 za wanawe. Alitumia ya ganda zima, akaifunga kwa kipimo. Maelezo yanayokuja na kalibu nyingi husema ishushwe mpaka iguse kishikio cha ganda, kisha izungushwe robo au thumuni ya mzunguko zaidi. Kwa nyuzi 14 katika inchi, mzunguko mzima huishusha kalibu kwa inchi 0.071, yaani milimita 1.8. Thumuni yake ni karibu inchi 0.009. Hizo si ndogo kwa bega la ganda. Yeye alilipima ganda lililotoka kwenye bunduki, akaishusha kalibu kidogo kidogo, mpaka bega liliporudi nyuma kwa inchi 0.002 tu, ambazo ni digrii 10 za mzunguko. Kwa bunduki inayojipakia aliruhusu 0.003 au zaidi kidogo. Kisha aliikaza nati ya kufungia, na hapo ndipo kalibu ilipopata jina la mwenye bunduki kwenye karatasi. Kalibu ya ganda zima iliyofungwa hivyo hutoa sehemu kubwa ya faida ya kalibu ya shingo bila usumbufu wake. Maoni ya mwandishi ni kwamba, kwa mtu atakayenunua moja tu, hii ndiyo ya kununua, na pesa zinazobaki zinunue kipimo cha bega.

Ndani ya kalibu hiyo kuna fimbo inayobeba vitu viwili: pini ya kuisukuma fataki na tufe la kupanulia shingo. Kalibu hubana shingo kupita kiasi, kisha tufe, likivutwa kutoka ndani, huipanua hadi kipimo. Njia hii hukubali kuta za shingo za unene wowote, na ndiyo sababu imedumu. Kasoro yake ni kwamba tufe huweza kuivuta shingo upande. Dawa ya bei nafuu ni kupaka mafuta kidogo ndani ya shingo. Dawa ya bei ghali ni kalibu yenye bushi za kubadilisha, mfano wa zile za Redding. Mtumiaji hupima shingo ya risasi iliyokamilika, hupunguza inchi 0.001 au 0.002, na hununua bushi ya namba hiyo. Ikiwa shingo ya .308 yenye kichwa ndani ni inchi 0.336, bushi ya 0.334 huanza kazi vizuri. Shingo hubanwa kiasi kinachohitajika tu, na tufe linaweza kuondolewa.

Katika klabu ya shabaha iliyokuwa karibu, bushi zilikuwa mada ya kudumu. Kijana mmoja alikuwa na pakiti nzima ya hizo, zikipishana kwa elfu moja ya inchi, na makundi yake kwenye karatasi ya shabaha hayakupungua. Mwanamke mmoja mwenye umri mkubwa, aliyetumia seti ya kawaida ya Lee, alimuomba maganda yake ayaone. Yalikuwa ya viwanda vitatu tofauti. Bushi haina njia ya kusawazisha kuta zisizolingana: shingo nene hubanwa sana, nyembamba hubanwa kidogo, na tofauti yote hujitokeza upande wa ndani, pale kichwa kinaposhikwa. Kalibu ya bei ya chini yenye tufe ingemfaa zaidi mpaka apange maganda yake. Mwanamke huyo hakusema hivyo kwa sauti. Alimrudishia maganda yakiwa yametengwa katika mafungu matatu.

Suala la mafuta husahaulika katika uchaguzi, ilhali hubadilisha bei ya kila kitu. Kalibu zenye pete ya kabidi, metali ngumu kupita chuma, hubana maganda yaliyonyooka ya bastola bila mafuta. Mtu huziona, huona bei, na hudhani akilipa zaidi ataondokana na uchafu wa mafuta hata kwa bunduki. Haiwi hivyo. Ganda lenye bega hugusana na kalibu eneo kubwa mno, na hata kabidi huhitaji mafuta hapo. Mwanachama mmoja wa klabu alijaribu kavu. Ganda liliingia na halikutoka. Presi ilipovutwa, iling'oa ukingo na kuacha mwili wa ganda ndani ya kalibu. Ilibidi kitako kitobolewe, kichongwe thredi, na ganda livutwe kwa skurubu. Mafuta mengi kupita kiasi nayo yana alama yake: hukusanyika begani na kuacha kibonyeo, kwa sababu mafuta hayabanwi. Utando usioonekana kwa macho unatosha.

Kalibu ya kupandikiza huchaguliwa kwa haraka, na ingestahili subira. Ndani yake kuna kisukumizi kinachokibonyeza kichwa kishuke shingoni. Kisukumizi kisipolingana na umbo la kichwa hugusa ncha badala ya mabega ya kichwa, na vina hutofautiana kutoka risasi moja hadi nyingine. Kalibu zenye mkono wa ndani unaotelezeka, ulioshikilia ganda na kichwa katika mstari mmoja kabla ya kubonyezwa, hutoa risasi zilizonyooka zaidi. Katika kazi hii, hapa ndipo pesa ya ziada inapoonekana waziwazi kwenye shabaha.

Kukaza mdomo wa ganda juu ya kichwa ni jambo la bunduki fulani. Mkwe wa yule fundi mashine aliwinda kwa .30-30, risasi ya mwaka 1895, katika bunduki ya wenzo yenye magazini ya bomba. Humo risasi hulala moja nyuma ya nyingine, springi ikizisukuma. Bunduki inaporudi begani, kila kichwa hugongana na kitako kilicho mbele yake. Mdomo usipokazwa, kichwa huzama. Ndiyo maana pia vichwa vya risasi hizo hutengenezwa vikiwa bapa, visije vikapiga fataki iliyo mbele. Bunduki kubwa za wanyama hatari zina tatizo hilo kwa kiwango kingine. Wawindaji wa kitaalamu waliofanya kazi Kenya hadi uwindaji ulipopigwa marufuku mwaka 1977 walibeba .470 Nitro Express, .416 Rigby au .458 Winchester Magnum, na msukumo wa bunduki hizo huweza kuvihamisha vichwa vya risasi zinazosubiri kufyatuliwa. Kwa .308 ya bolti ya kuwinda paa, ukazaji huo hauna ulazima, na kulazimisha mdomo wa ganda refu kupita kiasi ndani ya kalibu ya kukaza hulivimbisha bega hadi risasi isiingie chembani. Ganda la .308 halipaswi kuzidi inchi 2.015, likizidi, hukatwa kabla ya kukazwa.

Kwa mtazamo huo, majina ya viwanda hupungua uzito. RCBS, iliyoanzishwa na Fred Huntington huko California mwaka 1943, ilianza na kalibu za kutengenezea vichwa vya risasi ndogo, na ufupisho wa jina la kalibu hizo ndio uliozaa herufi zake. Lee ilianza Wisconsin mwaka 1958 kwa kifaa cha mkononi cha kujazia risasi. Hornady ilipata kalibu zake kwa kuinunua kampuni ya Pacific. Zote huuza kalibu zinazotoa risasi nzuri. Tofauti kubwa huwa katika nati za kufungia, ulaini wa ndani na upatikanaji wa vipuri, na la mwisho hilo ndilo linalomuumiza mtu anayeishi mbali na duka.

Vijana wa Siakago huishia hapa katika maswali yao, na hapa ndipo jibu linapobadilika. Mmoja wao alileta ganda aliloliokota, akauliza kama kalibu ya .308 ingelifaa. Lilikuwa la 7.62 ya NATO, lenye mistari myeusi kwa sehemu kubwa ya urefu wake: alama ya mifereji ya chemba ya bunduki ya G3. Kwa vipimo vya nje kalibu ya .308 ingelipokea. Lakini kitako kilipomulikwa kwa tochi kupitia mdomo wake, yalionekana matundu mawili madogo badala ya moja la katikati.

Maganda ya matundu mawili ni ya mfumo wa Berdan, na yale ya tundu moja ni ya mfumo wa Boxer. Kwa kichekesho cha historia, Hiram Berdan alikuwa Mmarekani na mfumo wake ukaenea katika majeshi ya Ulaya na Asia, ilhali Edward Boxer alikuwa Mwingereza na wake ukatawala Marekani. Kalibu zote zinazoonekana katika video zimetengenezwa kwa Boxer. Pini ya katikati ikishuka kwenye ganda la Berdan hukutana na brasi nzima, na hukunjika au kuvunjika. Sehemu kubwa ya maganda ya kijeshi yaliyotapakaa Afrika Mashariki ni ya Berdan: .303 za zamani, na risasi za AK, ambazo mara nyingi maganda yake ni ya chuma kisichokubali kubanwa na kupanuka kama brasi. Hivyo kalibu bora kuliko zote haina cha kufanya nazo.

Sheria nayo imekwisha kusema. Nchini Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, humtaka mwenye bunduki au risasi awe na hati, na kuwa na risasi bila hati ni kosa la jinai. Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115, huiweka baruti chini ya vibali kuanzia kutengenezwa, kununuliwa hadi kuhifadhiwa. Meza ya chumba cha chini ya Wisconsin haina mahali pa kusimama Siakago. Mwenye hati, awe mlengaji shabaha au mkulima aliyeruhusiwa bunduki, hununua risasi zilizokamilika kutoka kwa muuzaji mwenye leseni, na risasi hizo huandikwa. Ganda lililoletwa karakanani lilipelekwa kituo cha polisi na aliyeliokota, akifuatana na baba yake, na likaandikishwa huko.